Aliyekosa Yote Arobaini

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama yangu, mtu wa Tanga aliyeolewa Singida mjini wakafungua duka na baba, alinicheka niliposema naenda kusomea ualimu. "Ualimu wewe? Utamla mtoto wa watu akiwa hai." Nikasoma, nikamaliza, ajira hazikutoka. Mwaka mzima nikawa dukani kwa baba napima sukari na kugombana na wateja. Mwenzangu wa chuoni akanipigia kutoka Kiomboi, akasema huku wazazi wanatafuta walimu wa tuisheni ya darasa la saba kwa tochi. Nikabeba begi langu nikapanda basi.

Nikapanga chumba kimoja chenye baraza pana. Baraza ndiyo ikawa darasa: kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi, mabenchi mawili ya kuazima, na watoto sita. Watu huidharau tuisheni, husema ni biashara ya waliokosa kazi. Sawa, kazi nilikosa, lakini mwalimu wa shule ana watoto themanini mbele yake, mimi nilikuwa na sita. Niliwajua mpaka wanavyopumua. Nilimjua anayekwama kwenye sehemu za namba kwa sababu aliumwa mwezi mzima akiwa darasa la nne, nikamjua anayejifanya ameelewa ili asiulizwe. Ukishamjua mtoto kiasi hicho, unaanza kujiona wewe ndiye unayemwongoza. Mimi nilijiona hivyo, tena sana.

Yule baba alinijia mwezi wa pili, mchana, na baiskeli. Mkulima wa alizeti kutoka kijiji kimoja nje ya Kiomboi, mtu mzima, mpole, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama chini, mimi ndiye mwalimu na yeye ndiye mwenye shida. Alikuwa na binti darasa la saba, wa miaka kumi na mitatu. Alitaka nimfundishe.

"Nataka ajue yote, mwalimu," akasema. "Asibakize hata swali moja ambalo hajui jibu lake."

Jamani! Wazazi wengine nilikuwa nawafuata mimi kuwadai ada. Huyu kila Jumamosi na Jumapili alimleta mwanawe kwenye keria ya baiskeli, na hakuja mikono mitupu: leo jogoo, kesho dumu la mafuta ya alizeti. Na kila akija kumchukua anauliza anaendeleaje, wapi bado hajui. Nikamwambia mama kwenye simu kwamba nimepata mzazi wa mfano, laiti wote wangekuwa hivi. Mama akasema, "Mshukuru Mungu, na kuku umle." Nikamla.

Binti mwenyewe alikuwa kimya, mrefu kuliko wenzake, na viatu vya dada yake vilivyokuwa vinampwaya. Alianza hajui sehemu za namba kabisa. Kufika mwezi wa sita alikuwa anawapita wenzake wote. Nilikuwa nimewafundisha mbinu moja ya maswali ya kuchagua: usikimbilie jibu, kwanza ondoa yale ambayo hayawezekani, moja moja, utabaki na lenyewe. Wenzake walikuwa wanaisahau. Yeye aliishika kama kitu alichokuwa anakitafuta siku nyingi. Nilimpenda mtoto yule, nasema kweli, nilimpenda zaidi ya wale wengine, ingawa mwalimu hatakiwi kusema hivyo.

Mwezi wa nane, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa, nikawapa jaribio langu la kwanza la mfano wa mtihani wenyewe. Maswali arobaini, kila swali majibu matano, na karatasi ya kutia kivuli kwa penseli. Nikawatenganisha barazani, upepo unapeperusha vumbi, kila karatasi imewekewa jiwe. Walipomaliza nikawaruhusu, nikabaki nasahihisha. Wa kwanza akapata ishirini na nane. Wa pili ishirini na moja. Karatasi ya binti yangu nikaiweka ya mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama.

La kwanza kosa. La pili kosa. Nikafika la kumi, kosa. Nikasema hapana, huyu ameruka mstari, ameanza kutia kivuli kwenye namba mbili badala ya moja. Nikasogeza mstari mmoja chini, mambo yakawa vilevile shaghalabaghala. Nikarudia mwanzo. Arobaini kosa. Sifuri!

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Kesho yake alipofika sikumngoja akae. Nilimfokea mbele ya wenzake, nikamwita mvivu, nikamuuliza kama anajua baba yake anahangaikaje. Yeye alisimama tu na daftari kifuani. Hakulia, na hilo likanipandisha zaidi. Nikawatuma wenzake waende kucheza, nikampa karatasi nyingine tupu nikamwambia kaa hapa, fanya upya, nakutazama.

Nikakaa pembeni na chai. Na pale, kikombe mkononi, akili ikanirudia. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe mambo ya kubahatisha. Majibu matano: hata asiyejua kitu, akitia vivuli huku amefumba macho, katika arobaini atapata saba, nane. Mbuzi akikanyaga wino akapita juu ya karatasi hawezi kukosa yote. Ili ukose yote arobaini, ni lazima kila mara ulione jibu la kweli, ulijue, halafu uliache. Nikamtazama. Penseli ilikuwa inashuka polepole, inagusa herufi moja, inapumzika, kisha inahamia ya pili yake na kutia kivuli.

La haula! Chai ilinimwagikia gauni nisihisi moto wake.

"Unajua majibu yote," nikasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Unakosea makusudi?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye ninayemchezea. "Kwani wewe hujui? Baba alisema ndiyo sababu amenileta kwako."

Nikamwambia sijui, nieleze. Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza hesabu. Baba yake hakutaka afaulu, kwa sababu ukifaulu unachaguliwa, na ukichaguliwa usipokwenda sekondari, mtendaji wa kijiji anamkamata mzazi. Kwa hiyo lazima ufeli. Kuacha karatasi wazi haiwezekani, mwalimu mkuu alishatangaza kwenye mkutano wa wazazi kwamba karatasi tupu itampeleka mzazi ofisini. Kujaza A tupu vilevile wanashtukia. Mwaka uliopita mtoto wa jirani yao aliambiwa ajibu uongo, lakini alikuwa hajui lolote. Akawa anachagua analodhani ni la uongo, kumbe ndilo la kweli. Akafaulu! Kijiji kizima kilicheka mpaka wakashika mbavu, na jirani akauza mbuzi kununua sare. Baba yake hakucheka. Alirudi nyumbani akasema, asiyejua hawezi kufeli kwa uhakika, huyu wangu lazima nimtafutie mwalimu.

"Na mwalimu huyo ndiye mimi," nikasema.

"Ndiyo. Jana nilitaka kuona kama nitaweza." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto anayesubiri tiki, "Nimeweza?"

Miezi sita! Nimekula jogoo wa watu, nimemsifu mzazi wa mfano kwa mama yangu, kumbe nafundisha mtoto kufeli bila kuacha alama. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe.

Kesho yake nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwao. Sikwenda kusalimia, nilikwenda kugomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta anapepeta alizeti uani, akaacha, akaniletea kigoda, akaita maji. Aliyeleta maji alikuwa binti yake mkubwa, umri kama miaka kumi na minane, na mtoto wa miaka mitatu kamshika sketi. Akapiga goti akanisalimia, akaingia ndani. Nikaanza kufyatuka, na yule baba akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Hilo nalo lilinikera, maana mtu mwenye hasira anataka wa kubishana naye.

Nilipoishiwa pumzi akasema, "Umemwona aliyekupa maji?"

Nikasema nimemwona.

"Huyo alifaulu. Nilichinja. Shule ya kata iko mbali, bweni hakuna, wakapanga chumba wasichana watatu pale senta ya maduka, wanajipikia. Ana miaka kumi na minne, analala chumba cha kupanga, mlango wa bati. Kidato cha pili akarudi na huyo mtoto uliyemwona. Mama yao akaumwa presha kwa ajili hiyo, tukamzika mwaka huohuo." Akaokota punje moja ya alizeti, akaimenya, hakuila. "Mwalimu, mimi sichukii shule. Lakini huyu mdogo simpeleki akalale huko. Na serikali haitaniuliza kwa nini, itaniuliza mbona hajaripoti."

Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yakayeyuka. Mimi mwenyewe naijua milango ile ya bati. Nilichosema baada ya hapo kilitoka bila kupimwa: "Basi akae kwangu. Chumba changu kina nafasi ya kitanda kingine. Sekondari ya Kiomboi pale ni mwendo wa kutembea, tutaomba apangiwe pale au ahamishiwe. Nitamlisha, nitamlinda, nitamfundisha. Mlango wangu ni wa mbao na komeo zito."

Nikaona kitu kinalegea usoni pake.

"Ni neno zito," akasema. "Lakini mtoto huyu ana mjomba wake. Mama yake hayupo, upande wake ni huyo. Kwetu binti hahami nyumba bila mjomba kukaa hapa akasema ndiyo."

"Mpigie simu basi, sasa hivi."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Jambo la mtoto wa kike siliamui kwa simu, mwalimu. Yuko Mitundu, anarina asali. Akimaliza atakuja. Na wewe nakuomba kitu kimoja: mtoto usimwambie. Tusimpe neno halafu tukamnyang'anya."

Nikaahidi. Naiandika hapa kama ilivyo: nikaahidi, na nikarudi Kiomboi nikiwa najisifu moyoni. Nilikuwa nimemgeuza mtu mzima kwa kikao kimoja. Nilisema, mjomba akifika atakubali, baba atamwambia mwanawe ajibu kweli, kazi imekwisha.

Wiki ya kwanza ikapita, mjomba hajafika. Ya pili hajafika. Baba aliendelea kumleta binti na baiskeli, tukisalimiana ananiambia tu "Bado." Mimi naitikia "Inshallah." Ndani yangu nilikuwa nawaka, lakini nikawa najishika. Kila nikitaka kumwambia mtoto, jibu kweli, nilijiuliza, mimi ni nani? Mwalimu wa kuajiriwa na baba mtu, nimfitini mtoto na mzazi wake? Nikimwambia ajibu kweli, mjomba akakataa, si ndiyo nitakuwa nimempeleka baba yake kwa mtendaji? Mama yangu siku zote amesema mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio, usimwamulie, na mimi nikauchukua usemi ule nikajifunika nao. Nikamfundisha eneo la duara. Nikamfundisha mzunguko wa damu. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa la kufanya.

Jumatatu ya wiki ya mtihani tulifanya kipindi cha ziada, ndicho cha mwisho. Wenzake walipoondoka yeye akabaki anafunga daftari, anafungua, anafunga.

"Mwalimu, keshokutwa ndio mtihani."

"Najua."

"Huna la kuniambia?"

Nilikuwa nalo kooni, Mungu wangu ni shahidi. Nikamwambia, "Lala mapema. Chonga penseli mbili." Akasema ahsante, kwaheri, akaenda.

Wakafanya mtihani Jumatano na Alhamisi. Jumamosi asubuhi, naosha vyombo, nikasikia hodi ya wengi. Yule baba, binti, na mzee mmoja mwenye koti la baridi ingawa jua lilikuwa kali, ameshika ndoo ya asali. Mjomba mtu. Nikatandika mkeka, nikaweka chai. Mjomba alikunywa kikombe chote kwanza. Akakitazama chumba changu, akaenda akashika komeo la mlango, akalivuta, akalirudisha. Kisha akakaa.

"Nimeridhika," akasema. "Mtoto akae hapa. Asome."

Baba akatabasamu mpaka nikaona meno ambayo sikuwahi kuyaona. Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Januari unaanza sekondari, unakaa na mwalimu wako."

Binti hakuruka, hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, akawa mweupe midomoni.

"Baba, sekondari ipi?"

"Utakayochaguliwa! Kwani wewe si unajua yote?"

"Lakini mimi nimekosea," akasema. "Nimekosea yote, kama ulivyoniambia."

Nikamtazama baba, baba akanitazama mimi. Wallahi sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile. "Mwalimu," akasema, sauti imemkauka, "wewe si ulimwambia ajibu kweli?"

"Mimi? Uliniambia nisimwambie!"

"Nilisema usimwambie habari ya kuhama! Mambo ya mtihani si yako? Ulipoondoka siku ile nimeshakubali mimi, moyoni nimeshakubali. Nikajua mtihani uko kwa mwalimu, mimi nahangaika na shemeji yangu."

Na mimi nilikuwa nimejua mtihani uko kwa baba. Mwezi mzima kila mmoja amemwachia mwenzake sentensi moja ya maneno mawili. Mjomba akawa anauliza kwa Kinyiramba nini kimetokea, hakuna aliyemjibu. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa wa kumpigia. Nikaanza kuropoka, labda hakukosa yote, labda penseli imeteleza, labda maswali ya mtihani si kama ya kwangu.

"Sikuteleza," binti akasema. "Nilirudia mara mbili kila karatasi. Lile moja la hesabu nililipatia kwa bahati mbaya, nikalifuta."

Hapo baba alifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia mbele ya shemeji yake. Binti akasogea akamshika goti, akamwambia baba usilie, kana kwamba yeye ndiye mzazi. Kisha akanigeukia mimi.

"Siku ile ya Jumatatu nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua kwamba baba anakaribia kukubali?"

Ningeweza kusema nilikuwa nimeahidi. Ningeweza kusema habari za mjomba, za asali, za mkubwa mwenzio.

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akainuka, akakusanya vikombe vya wageni, akatoka navyo barazani kuviosha.

Matokeo yalipotoka jina lake halikuwemo, na sikulitafuta mara ya pili. Baba alitimiza neno lake vilevile, akamleta Januari na godoro. Anakaa nami, anajifunza cherehani kwa mama mmoja jirani, jioni tunasoma vitabu vya kidato cha kwanza nilivyoviomba, maana iko njia ya kufanya mtihani wa sekondari kwa kujitegemea na ameniambia ataijaribu. Barazani watoto wapya wakikwama namsikia anawafundisha kuondoa majibu yasiyowezekana, anawaeleza vizuri kuliko mimi. Ananiheshimu, ananiamkia kila asubuhi, hajawahi kunijibu vibaya. Ila mwalimu haniiti tena. Ananiita dada.